Bibi Yangu, Mtu ni Afya



Mwezi huu ukurasa huu ulikuwa uzungumzie wivu katika mapenzi. Meseji zenu nimezisoma zote, nyingine zimenichekesha na nyingine zimeniliza, na nitazijibu. Lakini kila nilipokaa kuandika, wivu ulionijia haukuwa wa mume wala wa mchumba. Ulikuwa wivu wangu mwenyewe wa mwaka 1997, nikiwa mtoto wa miaka saba katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, njia ya kupanda Amani. Mwenzenu nilikuwa na wivu na kijiji kizima. Niliona watu wananichukulia bibi yangu.

Bibi huyo, mama mzazi wa mama yangu, alifariki Mei 2024. Nilikuwa nimemuahidi kitu kimoja. Kitu chenyewe hakikuwa cha gharama, na nilikaa nacho miaka 11 bila kumpa. Basi naomba mniruhusu nilipe kwanza deni hilo. Wivu wa mapenzi hauna haraka, utatusubiri.

Jina la utani

Kijijini kwetu jina halisi la bibi walilijua wachache. Wengine wote walimwita Mtu ni Afya. Watoto wakimuona anatokea kwenye kona, kanga begani na beseni kichwani, walianza: "Mtu ni Afya huyooo!" Hapo utaona mama mmoja anafunika mtungi, mwingine anakimbilia ufagio, na mwenye majani marefu uani anajifanya ndiyo kwanza alikuwa anatafuta fyekeo. Mimi nilidhani ni jina la utani tu, kama kila kijiji kilivyo na Mzee Kobe wake na Mama Redio wake.

Mimi naye alinipa langu. Aliniita mke mwenza. Utani wa bibi na mjukuu wengi mnaujua: mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi, na babu ni mume wenu wote wawili. Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, lakini hilo halikutuzuia kumgombania. Nikichelewa kuamka nasikia kutoka jikoni, "Mke mwenza, mume kaondoka bila uji na wewe umelala!" Mume mwenyewe yuko makaburini mwaka wa kumi! Tulicheka kila asubuhi.

Sasa njoo mwaka 2011. Niko chuoni Dar es Salaam, nasomea mawasiliano ya umma, najiona nimeshaijua dunia. Siku hiyo mada ilikuwa ni matumizi ya redio katika maendeleo. Mhadhiri akachukua chaki, akaandika ubaoni: Mtu ni Afya, 1973. Nikaangua kicheko. Darasa zima likageuka.

"Kuna nini, binti?"

"Samahani mwalimu, hilo ni jina la bibi yangu."

Wenzangu wakacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza, "Umewahi kumuuliza amelipata wapi?"

Sikuwahi.

Dawati moja, watu wawili

Kumbe jina lile lilikuwa limebeba historia ya nchi. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba mwaka unaoingia utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma wala kuandika, na bibi yangu alikuwa mmojawao. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Mwaka hasa aliozaliwa hakuujua, alijua tu kwamba vita vya Hitler vilimkuta anatambaa. Alikuwa na watoto watano na shamba la mihogo.

Mama yangu aliingia darasa la kwanza mwaka 1971. Asubuhi mama alikaa kwenye dawati lake. Alasiri watoto wakishaondoka, bibi alikuja na wenzake kukaa kwenye madawati yaleyale, naye akachagua la mwanawe. Nyumbani penseli ilikuwa moja. Mama anasema waliigombania usiku kwenye mwanga wa kibatari, na kwamba bibi alimshinda mwandiko, yeye akamshinda hesabu. Agosti 1975, ulipofanyika mtihani wa taifa wa watu wazima, bibi aliufanya akapata cheti. Cheti hicho alikitia fremu, akakitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake. Watu wakimuuliza kwa nini kiwe juu, alijibu, "Harusi niliozeshwa. Hiki nimekitafuta mwenyewe."

Lakini hata kabla ya cheti, kazi ilishamwita. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu na maji safi. Na watu hawakusikiliza kila mtu kivyake. Walikaa kwa vikundi, redio katikati. Kipindi kikiisha, kiongozi anasoma kijitabu kwa sauti, wanakikundi wanajadiliana, na hakuna kutawanyika mpaka wakubaliane watafanya nini: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo, kujenga vichanja vya vyombo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000. Mmoja wa hao 75,000 alikuwa mwanamke wa Muheza ambaye alikuwa amejua kusoma kwa miaka miwili tu.

"Naomba mnionyeshe msalani"

Mwaka wa mwisho chuoni, 2013, nikaamua tasnifu yangu iwe juu ya kampeni hiyo. Nikapanda basi Ubungo na daftari langu, na simu ya kurekodia. Nikakaa kijijini siku nne, nikahoji wazee kumi na wawili, bibi akiwa mmoja wao.

Aliniambia mambo ambayo vitabuni hayamo. Kwamba redio ilikuwa moja tu, National, mali ya mwenye duka, na betri zilipochoka walizianika juani kama makopa ili zivushe kipindi kimoja zaidi. Kwamba mwanzoni wanaume wa kikundi hawakutaka kusomewa na mwanamke, kwa hiyo wiki ya kwanza alimpa kijitabu mzee mmoja aliyejidai msomi. Mzee akakishika kichwa chini miguu juu. Bibi hakumcheka. Alikigeuza taratibu mikononi mwake, akasema macho ya mzee yamechoka kwa kazi za shamba, ngoja amsaidie. Wiki ya pili hakuna aliyeuliza nani asome.

Na vyoo je? Hapo alicheka mpaka akashika mbavu. Eti hakuwahi kumwambia mtu yeyote achimbe choo. Alichofanya ni kwenda kutembea. Anafika, anapiga hodi, anakaribishwa, anapewa maji anakunywa, wanaulizana habari za shamba na watoto. Halafu kwa unyenyekevu kabisa anasema, "Jamani, naomba mnionyeshe msalani." Kama choo hakipo, mwenye nyumba anabaki anaangalia chini. Bibi wala halaumu. Anajifunga kanga yake, "Basi ngoja niwahi nyumbani," huyo anaondoka. Wiki inayofuata karudi tena, kanywa maji tena.

"Hakuna mwanamume anayekubali kuaibika mara tatu kwa mgeni yuleyule," aliniambia. "Mara ya tatu nakuta shimo limeshaanza."

Mwenzenu miaka mitatu nimekaririshwa nadharia za kubadili tabia za watu. Bibi aliimaliza kazi yote kwa kikombe cha maji.

Usiku wa mwisho akaniuliza, "Haya yote unayaandika?"

"Nayaandika, bibi."

"Ukimaliza niletee nisome. Herufi ziwe kubwa, macho yangu siyo yale."

Nikamuahidi. Hilo ndilo deni.

Leo kwa nani tena?

Sasa nirudi kwenye wivu, maana msije mkadhani nilikuwa mjukuu mwema tangu zamani.

Wazazi wangu walikuwa wakihangaika na maisha Tanga mjini, nikaachwa kwa bibi nianze shule. Mwaka huo wa 1997 kipindupindu kililipuka nchini, na mwisho wa mwaka zikashuka zile mvua za El Nino. Barabara ya kwetu ikawa matope matupu. Bibi akawa haonekani nyumbani. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, anawahimiza watu wachemshe maji ya kunywa na wanawe mikono kwa sabuni. Anawafundisha kutengeneza maji ya kumpa anayehara huku anawahishwa hospitali: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kipimo hicho nilikijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Mimi nilirudi shule nikakuta bada na kisamvu chini ya kawa, na nyumba kimya. Nilikula peke yangu nikimuwazia. Jioni moja nikamuona anakuja, nikatoka mbio nimkumbatie. Akapiga kelele, "Usinishike!"

Nilisimama pale uani kama nimepigwa kofi. Alipita mbali nami, akaenda nyuma ya nyumba akaoga kwa sabuni ya mche, akachemsha nguo zake, halafu ndipo akanifuata. Nilikuwa nimeshanuna. Wagonjwa wa watu anawashika, mimi mjukuu wake ananikataa! Leo najua ile ilikuwa njia yake ya kunilinda. Lakini mtoto wa miaka saba atajuaje?

Kuanzia hapo kila akijifunga kanga, swali langu lilikuwa moja, "Leo kwa nani tena?"

Na nyumba za kwenda hazikuisha. Miaka ile UKIMWI ulikuwa unatumaliza. Kuna nyumba moja mgonjwa alikuwa akisukumiwa sahani kwa mguu, tena na ndugu zake wa damu. Bibi alikwenda pale, akamuogesha, akamkalisha kwenye mkeka, akala naye sahani moja. Mlango aliuacha wazi makusudi ili majirani waone. Hakuhubiri hata neno. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kazi yake ikabadilika. Badala ya kuosha wagonjwa, akawa anawapitia kuwakumbusha saa ya vidonge. Baadhi yao ndio waliomchimbia kaburi.

Mimi nikabuni mbinu. Asubuhi moja nikajikunyata kitandani, nikashika tumbo, nikalia. Nilijua bibi haachi mgonjwa. Kweli, akavua kanga ya kutokea, akaniwekea mkeka barazani, akanikorogea maji yale ya chumvi na sukari, akakaa nami kutwa nzima. Akanisuka. Akanihadithia. Watu walikuja kumuita mara mbili, akawajibu, "Leo nina mgonjwa wangu." Sijawahi kuwa na siku tamu kama ile.

Jioni akaniinamia sikioni. "Mke mwenza, ugonjwa wako naujua. Ukikupata tena niambie tu, 'Bibi, leo nakutaka.' Usijikamue tumbo."

Wasomaji wangu, ningelishika neno lile, nisingekuwa naandika ukurasa huu.

Alilipwa fulana

Mtauliza, kwa miaka yote hiyo alilipwa nini? Alilipwa fulana. Kila kampeni ilikuja na fulana yake: chanjo, vyandarua, uzazi wa mpango, matone ya polio. Nyingine alilalia, nyingine alipangusia vyombo, na moja ya kijani aliipenda mno akaiweka ya kwendea msaragambo, zile kazi zetu za pamoja za kuchimba mitaro na kusafisha chanzo cha maji. Safari za mbali alienda kwa miguu. Posho ilipotokea ilikuwa ya siku mbili za semina, na aliinunulia sabuni za wagonjwa.

Mama na wajomba walimgombeza. Paa la nyumba yake linavuja, yeye anabeba sabuni kwa watu! Na mimi nawaelewa. Ni rahisi sana kumsifia mtu anayejitolea ukiwa nje ya nyumba yake. Ndani ya nyumba kuna watu wanaogharamia kujitolea huko, na hawapewi hata fulana.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5, safari hii kwa mafunzo rasmi na malipo. Bibi aliisikia habari hiyo redioni, amelala. Nilikuwa nimempigia simu. Akasema, "Wawalipe. Wasiwape fulana, wawalipe." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini waangalie nani anaomba maji ya kunywa kabla hajauliza choo."

Nauli ya mahafali

Nimezunguka sana, sasa niseme penyewe.

Mahafali yangu yalikuwa Novemba 2013. Bibi alishonesha gauni la kitenge. Hakuwahi kufika Dar es Salaam, na nilishawaambia rafiki zangu wote kwamba Mtu ni Afya mwenyewe anakuja. Asubuhi yenyewe simu ikaita. "Mke mwenza, nisamehe. Imetokea dharura, sitafika."

"Dharura gani, bibi?"

"Mtoto wa jirani ameshikwa na uchungu usiku."

Nilijibu, "Sawa," nikakata simu. Nilivaa joho nikiwa nimevimba kwa hasira. Siku ya kwanza kabisa kumuomba bibi yangu ukubwani, kaniacha kwa ajili ya mtoto wa jirani! Leo kwa nani tena? Picha za siku ile ninazo. Natabasamu mdomo, macho hayamo.

Sikumpigia kwa miezi miwili. Tulipoanza tena kuongea, yeye alikuwa kama hakuna kilichotokea, na mimi nikajifanya vivyo hivyo. Lakini ile tasnifu nikaiacha kwenye kabati. Nilikuwa na sababu nzuri ya kujidanganyia: imeandikwa kwa Kiingereza, na bibi anasoma Kiswahili tu. Mara ya kwanza aliponiuliza, "Ile kazi yetu vipi?" nikasema naitafsiri. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikasema bado kidogo. Mara ya tatu hakuuliza. Si ni yeye aliyesema hakuna anayekubali kuaibika mara tatu? Nadhani alinihurumia.

Alifariki alfajiri ya siku ya masika. Nilipata simu, nikakimbilia stendi ya Mbezi, basi likaenda mwendo wa konokono. Muheza nikachukua bodaboda, kwenye kona ya mwisho tukakutana na wanaume wanarudi makaburini, majembe mabegani, miguu ina matope. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Siku ya pili ya matanga, binti wa miaka kama kumi alikuwa akipita na ndoo za maji bila kuchoka. Mama yake akaja akakaa kando yangu kwenye mkeka. "Wewe ndiye mke mwenza?" Nikasema ndiyo. "Mimi ndiye niliyekukosesha bibi siku ya joho lako."

Akanisimulia. Uchungu ulimshika usiku, damu ikaanza kumtoka. Mumewe alikuwa Dar es Salaam kwenye vibarua. Bibi alikuwa mkunga zamani, lakini alishaacha siku nyingi kuzalisha majumbani. Kazi yake ilikuwa kumsindikiza mama mjamzito mpaka hospitali, basi. Usiku ule hapakuwa na gari ila Noah ya mtu mmoja, na mwenye Noah alitaka pesa mkononi. Bibi akaingia chumbani, akatoka na shilingi elfu hamsini zimefungwa kwenye pindo la kanga. Ilikuwa nauli yake ya kuja kwangu kwenda na kurudi, na pesa ya zawadi yangu.

"Nilimwambia nitamrudishia," yule mama akasema. "Akaniambia, 'Nikirudishiwa, mjukuu wangu atajua zilikwenda wapi. Ataona kama namdai furaha.'"

Nikamtazama yule binti na ndoo yake. Miaka kumi na moja nimemnunia mtu aliyekuwa hai kwa nauli ya bibi yangu.

Mhojiwa namba 7

Baada ya arobaini nikaitoa ile tasnifu kabatini nianze kuitafsiri, angalau niisome kaburini. Kurasa 62. Nikaanza kutafuta alipo bibi. Hayumo! Redio imo, asilimia zimo, majedwali yamo. Yeye ni "mhojiwa namba 7", mara tatu tu. Zile betri zilizoanikwa juani nilizikata kwa sababu msimamizi angesema siyo taarifa muhimu. Kikombe cha maji hakimo. Na simu niliyomrekodia iliibiwa kwenye daladala mwaka 2014, sauti yake ikaenda nayo.

Kwa hiyo sikuitafsiri. Nimekaa nikaandika upya, na haya mliyoyasoma ndiyo yaliyokuwa yake.

Sasa, kwa sababu ukurasa huu ni wa mahusiano, nisiwaache mikono mitupu. Mambo matatu, yote nimejifunza kwa kuchelewa.

Kwanza, kama una mzee ambaye bado anapumua, usimwambie "nisimulie maisha yako". Atakuambia hakuna la ajabu. Muulize kitu kidogo chenye mpini: betri mlipata wapi? Penseli ilikuwa ya nani? Mrekodi, na sauti uiweke sehemu mbili. Ukiandika, mrudishie kwa lugha anayoisoma. Ulichochukua kwake ni chake.

Pili, katika mtaa wako yupo mwanamke ambaye kila mtu humkimbilia: kwenye msiba, kwenye uzazi, kwenye ugonjwa. Muulize nani anamuuguza yeye. Angalia paa lake. Mpe nauli, na siyo fulana.

Tatu, na hili ni kwa wenye wivu wote mlioniandikia. Ukimpenda mtu ambaye watu wengi wanamhitaji, awe mume daktari, mke mwalimu, mama kiongozi wa kikoba, au bibi, hutashinda kwa kununa. Kununa ni kujikamua tumbo. Mwambie tu kwa mdomo wako, "Leo nakutaka." Mimi nililiweza hilo nikiwa na miaka saba kwa kuigiza, nikiwa na miaka ishirini na tatu nikashindwa hata kuigiza. Ningemuuliza siku ile, "Bibi, ilikuwaje?" badala ya kukata simu, tungekuwa na miaka kumi na moja ya kuongea.

Gazeti hili likitoka nitapeleka nakala mbili Muheza. Moja ni ya mama, ataiweka chini ya kile cheti. Nyingine nitampa yule binti wa ndoo. Yuko darasa la juu sasa, na nimesikia ana sauti nzuri ya kusoma. Nimemuomba anisindikize kaburini, asome yeye, mimi nikae nisikilize.

Nimemwambia mpangaji wetu wa kurasa aongeze ukubwa wa herufi mwezi huu. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia kuna msomaji wangu mmoja macho yake siyo yale.

Bibi, kazi yetu hii hapa. Nisamehe nimechelewa, mke mwenza.

Tuonane mwezi ujao, na wivu wenu wa mapenzi.